Ibn al-Haytham, Mwanahesabu Aliyetaka Kuutawala Mto Nile

Maji yapitayo chini ya daraja letu la Katunguru hutoka Ziwa George na kuingia Ziwa Edward. Huko huchukuliwa na mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo huwa ni mto Nile, yakaenda zake Sudan na Misri. Kwa hiyo sisi tunaoishi ukingoni mwa maji haya tuna haki ya kuzijua habari za mtu mmoja wa zamani aliyedai kwamba angeweza kuyaongoza kwa hesabu, pamoja na mambo yaliyompata kwa sababu ya dai hilo.

Mtu huyo ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Irak, yapata mwaka 354 wa Hijra, yaani 965 wa Miladi. Vitabu vya Ulaya humwita Alhazen. Alisoma hesabu, elimu ya nyota, tiba na falsafa, na sifa zake zikaenea mbali kuliko miguu yake ilivyokwenda.

Wakati huo Misri ilikuwa chini ya Khalifa wa Kifatimi, al-Hakim, aliyetawala tangu mwaka 996 hadi 1021. Riziki ya nchi nzima ilitegemea mafuriko ya kila mwaka. Maji yakipungua, watu walikufa kwa njaa. Yakizidi, mashamba na nyumba zilichukuliwa. Katika kisiwa cha Roda, mjini Cairo, palikuwa na kisima chenye nguzo ya mawe iliyotiwa alama, kilichojengwa mwaka 861, na kimo cha mto kilipimwa hapo.

Mwandishi wa tarehe Ibn al-Qifti, aliyekufa mwaka 1248, asimulia kwamba Ibn al-Haytham akiwa bado ugenini alisema kuwa lau angekuwa Misri angefanya katika Nile kazi itakayoleta manufaa wakati wa kujaa na wakati wa kupungua, kwani alikuwa amesikia kwamba mto huo huteremka kutoka mahali pa juu mpakani mwa nchi. Na tuliangalie neno hili, alikuwa amesikia. Hesabu yake haikuwa na kosa la kujumlisha wala la kutoa, lakini msingi wake ulikuwa masimulizi ya watu kuhusu mahali ambapo yeye mwenyewe hajapaona.

Al-Hakim alipopata habari alimpelekea mali na kumwita. Yasimuliwa kwamba Khalifa alitoka mwenyewe nje ya mji kumlaki, heshima isiyopewa kila mtu. Kisha akampa mafundi na vibarua, wakaufuata mto kwenda kusini. Njiani Ibn al-Haytham aliyaona mahekalu na majengo ya Wamisri wa kale, yaliyopimwa kwa ustadi usiokuwa na dosari, na moyo wake ukaanza kuingia shaka. Watu waliojua kupima namna hii, kama jambo hilo lingewezekana, wangeliacha bila kulifanya? Alipofika al-Janadil, penye maporomoko karibu na Aswan, aliukagua mto kwa pande zote mbili. Mahali penyewe hapakuwa kama alivyopachora akilini mwake.

Hapo palikuwa na mtihani mkubwa kuliko ule wa mto. Al-Hakim alikuwa mtu wa ghadhabu za ghafula, na watu wengi wa karibu yake walikwisha uawa. Ibn al-Haytham angeweza kuwashughulisha vibarua kwa miaka, akichimba hapa na kujenga pale, ili siku zipite. Hakufanya hivyo. Alirudi Cairo akakiri kwamba alishindwa. Khalifa alilipokea udhuru wake na kumpa kazi ya serikali, lakini mwanachuoni huyu aliogopa kuipokea na aliogopa zaidi kuikataa; basi akajifanya amerukwa na akili. Mali yake ikatiwa mikononi mwa serikali, naye akafungiwa nyumbani mwake.

Haifai kudhani kwamba fikira yake ilikuwa ya kipumbavu. Karibu na mahali hapo Waingereza walijenga ukuta wa kuzuia maji kati ya mwaka 1898 na 1902, na lile bwawa kuu la Aswan likajengwa kuanzia 1960 hadi 1970. Kilichokosekana zama zake kilikuwa mitambo, na hesabu za miaka mingi za mto wenyewe. Hesabu hizo zilishughulikiwa na Mwingereza Harold Edwin Hurst, aliyefika Misri mwaka 1906. Alikusanya vipimo vya Nile na vya maziwa yetu, pamoja na vile vya kale vya Roda, akitaka kujua ghala la maji liwe kubwa kiasi gani ili nchi isife kiu. Alirusha sarafu mara nyingi mno na kugawa karata (si kwa kamari!) ili apate miaka ya kubuni ya kulinganisha na ile ya kweli. Aliona, na akaandika mwaka 1951, kwamba Nile haifanyi kama sarafu: miaka ya neema hufuatana kwa mkururo, na ya uhaba vivyo hivyo, jambo ambalo msomaji wa Sura ya Yusuf halitamshangaza.

Hata hapa Uganda, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, Misri na Uganda zilikubaliana kwamba maji yafunguliwe kwa kufuata mstari uliochorwa kwa hesabu, unaoonyesha ziwa likiwa na kimo kadha, maji yatoke kiasi kadha. Haikupita miaka kumi, kati ya 1961 na 1964, Ziwa Victoria likapanda kiasi cha mita mbili na nusu.

Lakini turudi kwa mfungwa wetu. Ilikuwa katika miaka hiyo ya dhiki ndipo alipoishughulikia kazi yake kubwa kupita zote, Kitab al-Manazir, yenye sehemu saba, juu ya nuru na kuona. Wengi kabla yake waliamini kwamba jicho hutoa miale iendayo kukigusa kitu. Yeye alithibitisha kwamba nuru hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Wala hakutosheka na maneno. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza. Kila taa ikatoa doa lake ukutani, na alipoifunika taa moja, doa lake peke yake likatoweka. Safari hii hakutegemea kusikia.

Aliandika pia risala juu ya kuipata Kibla kwa hesabu. Dunia huchukuliwa kuwa tufe, na mahali pa mtu na pa Makka hutajwa kwa digrii zake, kisha upande hutafutwa kwa pembetatu za tufe. Kwa hesabu za namna hiyo mtu wa Katunguru huelekea kaskazini, kisha akajipinda kiasi cha digrii 23 upande wa mashariki. Anayeelekea mashariki moja kwa moja, kwa kuwa amesikia tu kwamba Uarabuni ni mashariki, amekwisha potea njia.

Al-Hakim alitoweka usiku mmoja wa mwaka 1021, akiwa amekwenda vilimani nje ya Cairo. Ndipo akili za Ibn al-Haytham zikarudi mara moja. Alirudishiwa mali yake, akakaa karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Hakuomba tena kazi kwa mtawala yeyote. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vya hesabu, kikiwamo cha Euclid na kile cha Ptolemy cha nyota, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri. Bei hiyo ilijulikana na wanunuzi, hapakuwa na kubembelezana, na fedha hizo zilimtosha kwa mwaka. Aliishi hivyo, akiandika na kufundisha, hadi alipofariki Cairo yapata mwaka 430 wa Hijra.