Maisha ya Frank Hornby

Frank Hornby alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1863. Alikuwa karani, si fundi. Hata hivyo aliwakatia wanawe vipande vya bamba la metali, akavitoboa matundu ili viungwe, vifunguliwe, kisha viungwe tena. (Kiambishi -i- katika aliwakatia chabeba upendo wote huo.) Mwaka 1901 alikopa fedha kwa mwajiri wake ili asajili uvumbuzi wake. Treni zake ndogo za kamani zilitokea mwaka 1920: vichwa na mabehewa viliungwa kwa parafujo na nati, mtoto akaweza kuviunda upya. Sisi tuwaonao mafundi wa Kisenyi wakikata mabati twamwelewa upesi. Mwaka 1931, reli ilipofika Kampala, yeye aliingia Bungeni. Alifariki mwaka 1936.