Taria Topan: Tajiri aliyeinunua kesho ya forodha za Lamu

MWAKA 1876, katika enzi ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, haki ya kukusanya ushuru katika bandari za mwambao, tangu visiwa vya Lamu na Pate upande wa kaskazini hadi Kilwa upande wa kusini, ilitoka mikononi mwa shirika la Jairam Shivji na kuingia mikononi mwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Taria Topan. Kwa haki hiyo aliahidi kumlipa Sultani zaidi ya riale 400,000 kila mwaka.

Ahadi hiyo ilitolewa kabla jahazi hata moja la mwaka huo halijatia nanga. Hakuna aliyejua pepo za kaskazi zingeleta vyombo vingapi, ufuta wa bara ya Lamu ungestawi au ungenyauka, wala pembe ngapi za ndovu zingefika pwani. Taria Topan aliinunua kesho kwa bei ya leo. Mapato yakizidi ahadi yake, faida ingekuwa yake peke yake. Yakipungua, hasara ingekuwa yake pia.

Wachumi wa siku hizi wangeitambua mara moja biashara ya namna hiyo. Ni jamaa wa karibu wa mikataba ya bei za baadaye, ambayo kwayo watu huuziana leo mali itakayokabidhiwa miezi kadhaa mbele. Na swali linaloulizwa kuhusu masoko hayo duniani, yaani kama ni ya haki kwa pande zote mbili, lilikuwa na uzito ule ule katika pwani yetu karne moja na nusu iliyopita.

Taria Topan alizaliwa mwaka 1823 katika nchi ya Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Makhoja Waismailia. Alifika Unguja akiwa bado mtoto, katika miaka ya 1830, wakati Seyyid Said bin Sultan alipokuwa akiihamishia Zanzibar shughuli za dola yake kutoka Muscat. Hakuja na mali. Alianza kwa kazi ndogo ndogo katika mazingira ya shirika lile lile la Jairam Shivji lililoshika forodha kwa miongo kadhaa, na huko ndiko alikojifunza hesabu na uandishi wa madaftari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maisha ya mtu huyu yalikuwa ushahidi wa methali hiyo. Utajiri wake haukutokana na mashamba wala majahazi peke yake. Ulitokana na kujua nani anadaiwa nini, tangu lini, na atalipa kwa bidhaa gani.

Ili kuelewa alichokinunua, hatuna budi kuitazama Lamu. Baada ya Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, wakuu wa mji huo waliokuwa wamewashinda watu wa Pate na washirika wao wa Mombasa walimwomba Seyyid Said awalinde. Ngome ikakamilika mnamo mwaka 1821, liwali akawekwa, na pamoja na ulinzi ikaja forodha.

Kutoka Lamu ziliondoka boriti za mikoko zilizojengea nyumba za Uarabuni na Ghuba, pembe, ngozi na ufuta. Ufuta huo, uliolimwa bara kwa jasho la watumwa, ulinunuliwa na wafanyabiashara wa Kifaransa kwa ajili ya viwanda vya mafuta vya Marseille. Vitambaa vya Marekani, vilivyoitwa merekani, viliingia kwa ushuru wa asilimia 5 uliowekwa na mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Wamarekani.

Aliyekodi forodha alikuwa na mawakala wake bandarini. Wakala huyo hakuwa mtoza ushuru tu. Aliona kila mzigo ulioingia na kutoka, alijua bei zake, na mara nyingi yeye au jamaa zake ndio waliomkopesha mwenye shamba na nahodha. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa mtoza ushuru, mkopeshaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo suala la haki linapoanza.

Mwenye shamba aliyehitaji nguo na chakula kabla ya mavuno alivipata kwa mkopo, akaahidi kulipa kwa ufuta. Kwa kuwa riba imeharamishwa katika Uislamu, pwani nzima ilizoea bei ya khiyari: mdaiwa huliuza shamba lake kwa mkopeshaji, akabaki na hiari ya kulikomboa, na wakati huo huo akaendelea kulilima huku akilipa kodi. Kwa jina ilikuwa mauzo, kwa hali halisi ilikuwa rahani. Mvua zikikosekana misimu miwili, kodi ililimbikizana na shamba likapotea.

Mfano mashuhuri zaidi wa mikopo ya Taria Topan, hata hivyo, haukuwa wa ufuta bali wa pembe. Ndiye aliyemkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, katika safari yake ndefu iliyoanza mwaka 1870 na kumfikisha Kongo. Tippu Tip mwenyewe alisimulia habari za mkopeshaji wake katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili.

Mkopo huo ulikuwa wa ajabu kwa kipimo chochote. Vitambaa, shanga na bunduki viliondoka pwani, na malipo yake yalikuwa ndovu waliokuwa bado hai porini. Miaka ilipita, na tajiri akawa anamwandikia barua mdaiwa wake kumhimiza arejee. Tippu Tip aliingia Unguja mwaka 1882, baada ya takriban miaka 12, akiwa na shehena kubwa ya pembe. Dau lilimlipa Taria Topan. Lakini gharama ya binadamu haikuandikwa katika daftari lake. Vijiji vilichomwa, watu walitekwa na wengine wakafa njiani chini ya mizigo. Hao hawakuwa upande wowote wa mkataba, ingawa ndio waliobeba hasara yake.

Sheria ya Kiislamu, iliyohukumu mambo ya Lamu na Unguja, haikupuuza hatari ya kuuza kisichokuwapo. Mafakihi walikataza kuuza samaki aliye baharini na ndege aliye angani, kwa sababu ya utata unaomfanya mmoja ale mali ya mwenzake bila haki. Hata hivyo, waliruhusu mkataba wa salam, ambao mkulima hulipwa leo kwa mazao ya baadaye, kwa masharti makali: bei ilipwe yote papo hapo, na kipimo, aina na siku ya kukabidhi vijulikane bila shaka.

Masharti hayo yana hekima. Hayaondoi bahati katika biashara, ila yanataka pande zote mbili zijue kwa usawa zinachokubaliana. Kwa kipimo hicho, mikopo mingi ya pwani ilipungukiwa. Bei ya mavuno ilitajwa na yule aliyekuwa na mkopo mkononi, na mkulima aliyekwisha kula chakula cha mkopo hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tofauti ya habari nayo ilizidi kukua. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, meli za moshi za British India zikaanza safari za kawaida kwenda Zanzibar mwaka 1872, na waya wa simu wa chini ya bahari ukafika Unguja mwaka 1879. Tajiri wa Unguja sasa aliweza kujua bei ya pembe huko London kwa muda wa siku chache. Mwenye shamba wa Lamu aliendelea kungoja nahodha atokee kusini na kaskazi itulie. Wote wawili waliuziana kesho, lakini mmoja alikwisha kuichungulia.

Itakuwa dhuluma kumchora Taria Topan kama mnyonyaji tu. Mwandishi na msafiri Henry Morton Stanley, aliyepata huduma zake alipojiandaa kwa safari zake za bara, alimsifu kwa uaminifu. Malkia Victoria alimtunuku cheo cha Sir. Mwaka 1887, katika sherehe za miaka 50 ya utawala wa malkia huyo, aliweka jiwe la msingi la hospitali ya hisani kando ya bahari mjini Unguja. Hakuiona ikikamilika, kwani alifariki India mwaka 1891. Jengo hilo lilimalizika mwaka 1894, na hadi leo ni miongoni mwa majengo mazuri kabisa ya Mji Mkongwe.

Wala si kweli kwamba mkodi wa forodha alishinda daima. Ahadi kwa Sultani ilipaswa kulipwa hata mwaka wa ukame, na ushindani wa kuongeza dau ulikuwa mkali. Taria Topan aliishika forodha kwa miaka kadhaa tu. Aliyekuwa na uhakika wa kipato ni Sultani, aliyekuwa amekwisha kuuza hatari yake kwa mtu mwingine. Huo ndio msaada halisi wa biashara ya kesho: humwezesha asiyetaka hatari kuihamishia kwa anayeweza kuibeba.

Thamani ya kesho ya Lamu ilidhihirika tena kabla tajiri huyo hajafa. Kampuni ya Kijerumani ya Witu na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ziligombania haki ya kukodi forodha ya Lamu, hata shauri likapelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji. Mnamo Agosti 1889 aliamua kwamba hakuna upande uliokuwa na haki ya kutangulia na kwamba Sultani alikuwa huru kumpa amtakaye. Sultani Khalifa bin Said akawapa Waingereza. Katika hati hizo watu wa Lamu, ambao mizigo yao ndiyo iliyotozwa, hawakuulizwa neno.

Leo masoko ya bei za baadaye yana taratibu ambazo Taria Topan hakuzijua. Huko Chicago, ambako soko la nafaka lilianzishwa mwaka 1848, mikataba ya namna moja na amana za dhamana ilianza kutumika mnamo mwaka 1865. Nairobi nayo ilifungua soko lake la mikataba ya aina hiyo mwaka 2019. Bei hutangazwa kwa wote, na aliyenunua asubuhi anaweza kuuza jioni. Wengine hufuata mifumo ya kompyuta inayosoma michoro ya bei zilizopita ili kubashiri zijazo, kama manahodha walivyosoma mawingu.

Lakini kompyuta ya haraka kupita nyingine ni waya wa mwaka 1879 kwa sura mpya. Soko la kesho haliwi dhuluma kwa sababu tu kuna anayepata na anayepoteza, kwani hiyo ndiyo hali ya biashara tangu enzi. Huwa dhuluma pale mmoja anapoiona bei kabla ya mwenziwe, anapoipanga yeye mwenyewe, na anapojua kwamba mwenziwe hana njia ya kutoka. Madaftari ya Taria Topan yalitunzwa kwa uaminifu mkubwa. Upungufu ulikuwa kwamba mkulima wa bara ya Lamu hakuwa na daftari lake.