Sheikh Al-Amin Mazrui, mwandishi wa habari za ukoo ulioitawala Pemba

Wakaazi wa Madungu na maeneo mengine ya mji wa Chake Chake wanaishi jirani na ngome kongwe ambayo hivi leo ni makumbusho. Kabla ya Al-Busaidi kuimiliki Pemba, kisiwa hiki kilikuwa chini ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa, na sehemu kubwa ya yanayojulikana juu ya zama hizo imehifadhiwa na kalamu ya mtu mmoja wa ukoo huo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, zaidi ya miaka 50 baada ya jamaa zake kupoteza utawala. Hakurithi ngome wala askari. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni aliyewahi kufungwa Unguja na Sayyid Barghash kwa sababu ya maandishi yake ya kidini. Alifariki mwaka 1894, na malezi ya mtoto yakachukuliwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye kijana huyo alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, walimu waliokuwa wakifuatwa na wanafunzi kutoka pande zote za mwambao.

Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Humo aliwalaumu Waislamu wenzake kwa kuipuuza elimu na kwa gharama za fahari katika harusi na matanga. Maneno hayo hayakuwapendeza wote. Hata hivyo mwaka huo huo wa 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushika chini ya serikali ya kikoloni hadi kufa kwake. Makala za Sahifa zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Lakini kwa msomaji wa Pemba, kazi yake yenye uzito zaidi ni tarikh ya Mazrui aliyoiandika kwa Kiarabu. Ukoo huo, wenye asili ya Oman, ulishika uwali wa Mombasa katika karne ya 18 kwa niaba ya Maimamu wa Al-Yaarubi. Al-Busaidi walipochukua Uimamu, Mazrui walikataa kuwatii wakajitawala wenyewe. Pemba ndiyo iliyowawezesha kusimama, kwani mpunga wa kisiwa hiki uliilisha Mombasa. Liwali Ali bin Uthman alijaribu kuichukua na Unguja pia. Alipokaribia kufaulu, aliuawa vitani na jamaa yake mwenyewe. Mtu anayeandika habari za wazee wake angeweza kulipita jambo hilo kimya, na ni sifa ya Sheikh Al-Amin kwamba hakulificha, ingawa mapenzi yake kwa ukoo hayajifichi katika kurasa nyengine.

Anguko lao lilianzia hapa Pemba. Wazee wa Kipemba, waliochoshwa na utawala wa Mombasa, walimwendea Sayyid Said bin Sultan kuomba msaada, na kufikia mwaka 1823 majeshi yake yalikuwa yamekitwaa kisiwa. Mbaruk bin Ahmed Mazrui alijaribu kukirudisha, akashindwa. Mombasa iliyokosa mpunga wa Pemba ililazimika kutafuta himaya ya Waingereza mwaka 1824, himaya ambayo haikudumu hata miaka mitatu. Mwaka 1837 Sayyid Said aliingia Ngome ya Yesu, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Waliosalia walihamia Gazi na Takaungu, na wengine wakashika elimu ya dini, njia iliyomfikia Sheikh Al-Amin kupitia kwa baba yake.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwaka 1947. Wadhifa wake wa Kadhi Mkuu ulikuja kushikwa na Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alijulikana duniani kwa uchambuzi wa siasa za Afrika. Mswada wa tarikh ulikaa karibu nusu karne bila ya kupigwa chapa, hadi ulipotolewa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.