George Herriman na paka asiyeeleweka

Ugomvi ulianza na tofali. Mmoja wa kundi letu la usomaji alileta kitabu kinene cha katuni, tafsiri ya Kifaransa ya Krazy Kat, akadai kwamba ni kazi kubwa kuliko riwaya nyingi tunazofundishwa. Kwa Jumamosi tatu hatukusoma kitu kingine. Kuna waliosema ni upuuzi wa mtu aliyelewa. Wengine walikisifu bila kuweza kueleza wanasifu nini. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliochanganyikiwa, na kwa sababu hiyo nikaanza kufuatilia maisha ya mchoraji mwenyewe.

George Herriman alizaliwa tarehe 22 Agosti 1880 mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Watu wake walikuwa Wakrioli wenye damu ya Afrika na ya Ulaya, Wakatoliki, waliokuwa huru hata kabla ya utumwa kukomeshwa, na waliozoea kuishi kati ya Kifaransa, Kikrioli na Kiingereza. Cheti chake cha kuzaliwa kilimwandika kuwa mtu wa rangi, maana yake si mzungu. Mwaka 1890 Louisiana ilipitisha sheria ya kutenganisha weusi na weupe katika mabehewa ya treni. Karibu na wakati huo wazazi wake walihamia Los Angeles, upande wa pili wa nchi. Huko, ambako asili yao haikujulikana, wakahesabiwa kuwa weupe. George alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Tangu hapo hadi kifo chake jambo hilo halikutajwa hadharani.

Mwaka 1900 alidandia treni ya mizigo akaenda New York kutafuta kazi ya kuchora magazetini. Mwaka 1902 alichora katuni fupi, Musical Mose, kuhusu mwanamuziki mweusi anayejifanya mtu wa taifa jingine ili apate riziki, kisha anagunduliwa na kupigwa. Mara ya kwanza niliipita nikidhani ni mzaha wa kawaida wa kibaguzi wa enzi ile, na kweli ni mzaha wa namna hiyo. Lakini aliyeushika wino alikuwa nani?

Paka wake alizaliwa kwa bahati. Mwaka 1910 Herriman alikuwa akichora katuni ya familia moja ya mjini yenye ugomvi na majirani wa ghorofa ya juu. Chini ya picha kulibaki nafasi tupu, akaijaza kwa paka na panya wa nyumba hiyo. Siku moja ya Julai panya akamrushia paka kitu kichwani. Wasomaji wakapenda. Mwaka 1913 paka na panya wakapata katuni yao wenyewe, na mwaka 1916 wakapewa ukurasa mzima wa kila wiki.

Kisa chenyewe ni kifupi. Krazy, paka, anampenda Ignatz, panya. Ignatz anamchukia na kumpiga tofali. Krazy anaamini tofali ni salamu ya mapenzi. Mbwa polisi, Offissa Pupp, anampenda Krazy kimyakimya na kumfunga Ignatz jela. Kisa hiki kilirudiwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kinachomchosha msomaji ni kila kitu kinachokizunguka: mlima unageuka mti kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, usiku unakuwa mchana huku wahusika wakiendelea na sentensi ileile, na maneno yameandikwa kama yanavyotamkwa na mdomo usio na nchi.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya chimbuko. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba yote yametoka jangwani. Ana hoja: kaunti ya Coconino ipo kweli, katika jimbo la Arizona, na Herriman alikwenda mara nyingi kwenye nchi ya Wanavajo, akayachukua mapambo ya mazulia na vyungu vyao akayatia katika michoro yake. Mwingine alisema chanzo ni vichekesho vya jukwaani vya New York. Wa tatu alisema ni New Orleans tu, hakuna kingine.

Mimi niliwaomba tutazame lugha. Krazy anasema Kiingereza chenye lafudhi ya kusini, chenye Kiyidi cha mitaa ya New York, Kihispania cha mpakani, Kifaransa kilichovunjika, na ghafla maneno makubwa ya vitabuni. Hakuna mji mmoja unaosema hivyo. Ni njia ya mtu aliyehama. Katika ukurasa mmoja wa mwaka 1918 paka na panya wanajadili lugha ipo kwa ajili gani, na Krazy anahitimisha kinyume kabisa cha tunachofundishwa mwaka wa kwanza. Sisi tuliokua tukiambiwa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni uchafu kwa kuwa kimebeba Kifaransa, hatukupaswa kushangazwa na paka huyo.

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya jinsia. Je, Krazy ni dume au jike? Herriman alimwita mara hivi, mara vile, na katika kipande kimoja Krazy mwenyewe hajui kama atafute mke au mume. Wasomaji wa Kiingereza wamelumbana kuhusu hilo kwa karne nzima, na mfasiri wa Kifaransa hana pa kujificha. Nilijaribu kufasiri kurasa nne kwa Kiswahili. Tatizo likatoweka: anapenda, anapigwa, anasubiri. Nilifurahi kwa siku mbili, kisha nikaona kwamba nimempoteza. Kule kuyumba kati ya maneno mawili ndiko alikokuchora Herriman, na kiambishi chetu kinakufuta bila kelele. Bado sijapata dawa.

Mwaka 1971 msomi mmoja, Arthur Asa Berger, alipokuwa akiandaa makala ya kamusi ya wasifu, alikipata kile cheti cha New Orleans. Tangu siku hiyo kila tofali limesomwa upya. Zile kurasa ambamo Krazy anageuka mweupe na Ignatz anavutiwa naye, kisha weusi unarudi na tofali linarudi, hazichekeshi tena kwa namna ileile. Kofia ambayo Herriman hakuipenda kuivua nayo imepata maelezo. Katika kundi letu kuna waliosema ubishi umekwisha: cheti kimejibu yote. Nakataa. Mimi nabeba kadi ya mpiga kura iliyoandikwa mkoa wa asili ambako sijawahi kulala hata usiku mmoja. Najua karatasi ya namna hiyo inaweza kumfanyia mtu nini, na najua pia inavyoacha mengi nje. Cheti kinaeleza hofu aliyoishi nayo. Jinsi mwezi wake unavyoning'inia kama kipande cha tikiti, hilo hakikielezi.

Magazeti mengi hayakuitaka katuni hiyo. Iliishi kwa sababu tajiri mwenye magazeti, William Randolph Hearst, aliipenda. Wasomi walikuja upesi: Gilbert Seldes aliisifu katika kitabu chake cha 1924, na mshairi E. E. Cummings aliandika dibaji ya mkusanyo wa 1946.

Herriman alimpoteza mkewe Mabel mwaka 1931 katika ajali ya gari, na binti yake mdogo mwaka 1939. Alifariki Los Angeles tarehe 25 Aprili 1944. Cheti cha kifo kilimwandika mweupe. Majivu yake yalitawanywa katika bonde la Monument Valley, kwenye jangwa alilolichora. Ukurasa wa mwisho wa wiki ulitoka miezi miwili baadaye, polisi akimbeba Krazy kutoka majini, na hakuna mchoraji mwingine aliyepewa katuni hiyo aiendeleze. Juu ya meza yake kulikutwa vipande vya siku zilizokuwa zikija, havijakamilika.