Yosefu Mukasa Mbele ya Kabaka

Wakatekumeni wapenzi, mashariki ya Beni, ng'ambo ya mto Semliki na milima ya Ruwenzori, iko nchi ya Uganda. Huko, katika ufalme wa Buganda, Kabaka alikuwa mwami mkuu kupita wote, na uhai wa kila mtu ulikuwa mkononi mwake. Mukasa aliingia nyumbani mwa mfalme huyo akiwa kijana, akamtumikia Kabaka Mutesa kwa uaminifu.

Mapadri Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mukasa akasoma dini kwao, akabatizwa mwaka 1882, akaitwa Yosefu. Mwaka huohuo mapadri walilazimika kuondoka, wasirudi mpaka 1885. Nani basi aliwalinda Wakristo wa nyumba ya mfalme? Ni huyo Yosefu. Hakuwa padri, lakini aliwakusanya vijana, akawafundisha na kusali pamoja nao.

Mutesa akafa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Huyu alimpenda Yosefu, akamfanya mkubwa wa watumishi wake. Yosefu naye alimtii katika kazi zote, kwa maana Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu. Lakini mamlaka yatokayo kwa Mungu yako chini ya Mungu. Mwanga alipowataka vijana kwa mambo ya uchafu, Yosefu aliwaficha mbali na macho yake.

Oktoba 1885, Hannington, askofu wa Waanglikana, aliuawa katika nchi ya Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu alikuwa Mkatoliki, na askofu yule hakuwa wa Kanisa lake. Hata hivyo hakunyamaza. Alimlaumu Kabaka kwa kumwua mgeni asiyepewa nafasi ya kujitetea, jambo ambalo Mutesa baba yake hakulifanya. Mimi naona ushujaa wake mkubwa uko hapa kuliko penye moto, kwa maana angeweza kukaa kimya na kulinda cheo chake.

Mnajua habari za nabii Natani, alivyomwonya mfalme Daudi. Daudi alitubu. Mwanga alikasirika, na Katikiro, mkuu wa mawaziri aliyemwonea Yosefu wivu, akaichochea hasira ile. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu alihukumiwa kuchomwa moto. Mwuaji alimheshimu, akamkata kichwa kwanza, ndipo akauchoma mwili. Kabla ya kufa, Yosefu alimtumia Kabaka habari kwamba amemsamehe, lakini atubu, maana asipotubu watahukumiwa pamoja mbele ya Mungu.

Inasimuliwa kwamba Mwanga aliposikia maneno hayo aliogopa, akaamuru mtu mwingine auawe na majivu yake yachanganywe na ya Yosefu, ili marehemu asiweze kumshitaki. Tazameni hofu ya mfalme mwenye majeshi!

Siku ileile Karoli Lwanga alibatizwa, akashika kazi ya kuwalinda vijana. Naye alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza Yosefu, Karoli na wenzao, watu 22, kuwa watakatifu mwaka 1964.

Mwanga aliondolewa katika ufalme mwaka 1888, akarudi, kisha mwaka 1899 Waingereza wakamhamishia visiwa vya Seychelles. Huko uhamishoni aliomba ubatizo, akapewa jina la Danieli, akafa mwaka 1903.