Hukwe Zawose: Mgogo Aliyesikilizwa na Dunia



Kama ilivyo desturi ya kijarida chetu, kabla ya kufika kwenye hesabu za mwaka na orodha ya michango, tunawaletea maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyetangulia mbele ya haki. Mwaka huu tumetoka nje ya Usukuma kidogo, tukaenda Dodoma. Tumemchagua hayati Hukwe Ubi Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Maisha yake yanagusa jambo linalotuhusu sana sisi siku hizi, yaani namna ya kuishi na watu wa makabila mengine kwa amani bila kusahau ulikotoka.

Hukwe Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma, enzi za Mwingereza. Wagogo, kama sisi, ni wakulima na wafugaji, na nchi yao ni kame kuliko yetu. Huko muziki hausubiri sherehe. Upo machungani, upo kwenye mavuno na upo jandoni. Wanawake wa Kigogo hupiga ngoma ya muheme wakiwa wameibana kati ya mapaja, na wanaume huimba kwa sauti zinazopandana, huyu juu na yule chini, mpaka unadhani ni kanisa lenye kwaya kubwa. Katika mazingira hayo ndipo kijana Hukwe alipojifunza ilimba na zeze.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye vibao vya chuma, nacho chombo hicho hupigwa kwa vidole gumba. Kwenye tundu zake hubandikwa utando wa buibui ili sauti itoke na mtetemo kama wa nyuki. Zeze lake nalo lilikuwa la nyuzi nyingi. Juu ya vyombo hivyo kulikuwa na sauti yake mwenyewe, iliyoweza kuanza chini kama ya mzee anayenguruma na kupanda hadi juu kama ya mtoto wa kike, ndani ya wimbo mmoja.

Baada ya Uhuru, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kwamba taifa jipya lisiishi kwa nyimbo za kuazima. Mwaka 1962 ikaundwa wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa, na wasanii wakaanza kutafutwa mikoani. Katika miaka hiyo ya 1960, Mwalimu alimwita Zawose aje Dar es Salaam. Fikirini jambo hilo. Kijana wa machungani anaingia mji wa pwani, anakutana na Wamakonde, Wazaramo, Wanyamwezi na Wasukuma wenzetu, kila mmoja na ngoma yake. Ilibidi kila mmoja ajifunze mapigo ya mwenzake. Mmakonde alipiga ngoma ya Kigogo, na Mgogo akacheza ngoma ya watu wa ziwani. Watu ambao hapo zamani wangejuana kwa majina ya kubezana tu, walijuana kwa kazi.

Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose alikuwa miongoni mwa wasanii waliofundisha hapo. Akafanya makao Bagamoyo, akakaa na wenyeji wa pwani hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa mgeni pale, mtu wa bara mwenye lugha yake na mila zake. Hakuzificha, wala hakuwalazimisha wenyeji wazifuate. Aliwafundisha waliotaka kujifunza, naye akajifunza kwao.

Miaka ya 1980 muziki wake ulivuka bahari. Mwaka 1985 ilitoka Uingereza santuri iliyoitwa Tanzania Yetu, ya kundi alilokuwamo. Baadaye alipanda majukwaa ya tamasha la WOMAD, ambalo mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel alishiriki kulianzisha ili watu wa mataifa mbalimbali wasikilizane. Kampuni ya Gabriel, Real World, ilitoa albamu yake Chibite mwaka 1996. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook. Ndani yake ilimba na zeze vinasikika pamoja na gitaa na mitambo ya studio. Mwaka huohuo yeye na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, walikwenda Amerika Kaskazini na kupanda jukwaa moja na Gabriel katika ziara yake.

Hapo ndipo tunapopata somo kubwa. Zawose hakuacha Kigogo ili Wazungu wamwelewe, wala hakubadilisha namna ya kupanga sauti za ilimba ifuate ya piano. Alipeleka kitu kilekile cha Doduma, akawa tayari kukaa na mwenye gitaa mpaka wapatane. Kukutana kwa namna hiyo kunahitaji mtu mwenye chake mkononi. Asiye na chake hawezi kubadilishana na mwenzake.

Tuseme na jambo lingine ambalo si la kupendeza. Kwa miaka mingi Mgogo alitajwa mijini kwa njaa na kuombaomba, na watu wakaona ni utani tu. Zawose hakujibu dharau hiyo kwa maneno. Alikaa chini akapiga ilimba, na waliomsikia wakaanza kuulizia habari za kabila lake kwa heshima. Ni vigumu kumdharau mtu uliyetulia ukamsikiliza saa nzima.

Sisi Wasukuma tunayajua hayo. Tunaitwa washamba, na tunacheka pamoja na wanaotuita hivyo. Lakini kuna sehemu haichekeshi. Ndugu zetu wengi wamehama na mifugo, wakafika Mbeya, Morogoro, Katavi na Rufiji. Katika baadhi ya maeneo hayo, wafugaji na wakulima wamegombana hadi damu ikamwagika. Tunajua kwamba muziki haupimi mipaka ya malisho, na mwenye shamba lililoliwa hatatulizwa kwa zeze. Hiyo ni kazi ya sheria na ya viongozi. Hata hivyo, mgeni anayejulikana kwa ng'ombe wake tu ataogopwa daima. Akijulikana pia kwa ngoma yake, kwa harusi zake na kwa salamu zake, siku ya mgogoro kuna mahali pa kuanzia mazungumzo.

Charles Zawose naye alifariki mwaka 2004, na wengi walidhani mlango umefungwa. Haukufungwa, kwa kuwa mzee alikuwa amefundisha nyumbani kwake. Mwanawe Msafiri aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu iitwayo Maisha kupitia kampuni ileile. Huo ndio urithi usiogawanywa ukapungua.

Je, sisi tumerithisha nini? Tuna Bugobogobo, ngoma ya jembe inayojulikana nchi nzima. Tuna ushindani wa Bagika na Bagalu, uliowafundisha babu zetu kushindana uwanjani na kurudi nyumbani wakiwa ndugu. Lakini watoto wetu wengi wa mijini wameviona vitu hivyo kwenye simu tu, na wazee wanaojua kupiga ndono wanatutoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo mwaka huu, mbali na madawati na ukarabati wa madarasa, tunaomba sehemu ndogo ya michango inunue ngoma na njuga kwa ajili ya shule zetu, na igharimie kurekodi nyimbo za wazee wetu wangali hai. Mwanachama anayependa fungu hilo aandike neno ngoma kwenye fomu yake ya mchango, nasi tutalitolea hesabu peke yake, shilingi kwa shilingi, katika kijarida cha mwakani.