Nicole-Reine Lepaute, Aliyehesabu Safari ya Nyotamkia

Nicole-Reine Étable alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 5 Januari 1723. Aliolewa na Jean-André Lepaute, fundi wa saa, naye akamsaidia mumewe hesabu za timazi za saa. Hapo ndipo mwanafalaki Lalande alipokitambua kipaji chake.

Wakati huo Ulaya ilikuwa ikingoja nyotamkia iliyoonekana mwaka 1682. Mwingereza Halley, aliyefariki mwaka 1742, alikuwa ametabiri kwamba ingerudi. Lakini lini hasa? Sayari kubwa, Mshtarii na Zohali, huivuta njiani na kuichelewesha au kuiharakisha. Hakuna kanuni moja inayotoa jibu kwa mara moja. Ni lazima kupiga hesabu hatua kwa hatua: nyotamkia iko wapi, inavutwa kiasi gani, basi itakuwa wapi baadaye, kisha kuanza tena.

Mtaalamu Clairaut aliandaa mbinu, na kwa miezi sita Lalande na Lepaute wakahesabu tangu asubuhi hadi usiku, mara nyingine hata mezani wakati wa chakula.

Je, kazi ya namna hiyo husimama wapi? Hawakuweza kupanga kusimama katika tarehe fulani, kwa sababu tarehe yenyewe ndiyo waliyoitafuta. Kituo chao kilikuwa tukio: pale nyotamkia inapolikaribia Jua kuliko wakati wowote. Hata kompyuta za leo huagizwa hivyo: endelea mpaka tukio hili litokee, kisha simama, utaje saa.

Kulikuwa na kikomo kingine. Kama nyotamkia ingetokea kabla hawajamaliza, utabiri wao usingekuwa utabiri tena. Kwa hiyo waliacha baadhi ya viasi vidogo. Novemba 1758 Clairaut alitangaza kwamba safari hii ingechukua siku 618 zaidi ya ile iliyotangulia, na kwamba nyotamkia ingelifikia Jua katikati ya Aprili 1759. Hakuficha upungufu: alisema wazi kwamba huenda wamekosea kwa mwezi mmoja.

Usiku wa Noeli mwaka huohuo, Palitzsch, mkulima wa Saxony, aliiona. Ililikaribia Jua tarehe 13 Machi 1759. Walikuwa wamekosea kwa takriban mwezi mmoja, kama walivyoonya.

Katika kitabu chake cha mwaka 1760, Clairaut hakulitaja jina la Lepaute. Lalande ndiye aliyeshuhudia kwamba bila mama huyo wasingethubutu kuianza kazi ile. Yeye hakuacha kuhesabu: alichora ramani ya kupatwa kwa Jua kwa mwaka 1764, na kwa miaka mingi alitengeneza majedwali ya sayari. Miaka yake ya mwisho alimuuguza mumewe. Alifariki tarehe 6 Desemba 1788.

Ndugu msomaji, sisi nasi kazi zetu nyingi hatuzimalizi kikamilifu. Lepaute na wenzake wanatufundisha kujua mapema tunasimama wapi, na tukisimama, kusema ukweli kuhusu kilichobaki.